Mhusika wako akikukatalia, usimbishie

Hadithi yangu ya kwanza ya mapenzi ilikuwa ya binti muuza dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Nilimpa sauti ya upole na uvumilivu usioisha kwa kijana mmoja asiyejielewa (kijana ni mimi, tusifichane). Usiku wa mbalamwezi anakaa ufukweni, khanga ikipeperuka, akisubiri mitumbwi ya dagaa irudi.

Nikamsomea mama mmoja ninayenunua dagaa kwake. Aliendelea kujaza sado, kopo lake la kupimia, bila kuniangalia.

"Mwanangu, mbalamwezi hiyo dagaa wanavuliwa na nani? Mwezi ukiwaka, taa haifui dafu, dagaa hawaifuati. Siku hizo tunakaa nyumbani na madeni yetu." Akasawazisha sado kwa kiganja. "Na huyo binti wako hana deni? Mzigo kamwachia nani?"

Niliondoka nimenuna. Yeye anajua nini kuhusu fasihi?

Kilichonishusha ni filamu ya mwaka 2012, Ruby Sparks, niliyoitazama kwenye simu, bando likikatika kila mara. Calvin, mwandishi, anabuni msichana, kisha anamkuta nyumbani kwake, mzima, anaongea. Akiandika kwamba Ruby anasema Kifaransa, Kifaransa kinamtoka. Mwanzoni unacheka. Binti anapoanza kutaka mambo yake, jamaa anarudi kwenye taipureta kumrekebisha, na hapo kicheko kinakauka. Nilijiona. Kumbe aliyeandika filamu hiyo ni Zoe Kazan, mwigizaji yuleyule aliyecheza Ruby. Mwanamke aliyebuniwa ndiye alikuwa na kalamu!

Tangu hapo, kabla sijaandika busu lolote, naandika ukurasa mzima wa siku ya mhusika ambayo mpenzi wake hayumo kabisa. Anadaiwa na nani, anamkwepa nani sokoni, nini kinamchekesha akiwa peke yake. Ukurasa usipojaa, jua una sanamu la dukani la kuvalishia nguo. Na akikataa jambo, akatae kwa sababu yake mwenyewe. Kukataa kwa kuchelewesha busu tu msomaji anakunusa mapema.

Binti wangu wa dagaa nilimwandika upya. Usiku uleule wa mbalamwezi yuko chumbani kwake Igogo, daftari la madeni mapajani. Kijana anapiga hodi. Anamjibu asubiri hapohapo nje, hesabu imemchanganya, anaanza tena.