Ujuzi wa Mwonjaji Wetu Tuuandike Wapi Katika Hesabu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mwaka jana mzee aliyekuwa mwonjaji wetu wa kahawa kwa miaka 19 alistaafu, na katika msimu uliofuata mnunuzi wetu mkubwa wa ng'ambo alikataa sampuli mbili, jambo ambalo halijawahi kutupata. Hata hivyo, mizania yetu haikuonyesha pengo lolote: mashine ya kukoboa ipo, ghala lipo, lori lipo. Sasa halmashauri imeniagiza nipeleke kwenye mkutano mkuu thamani ya maarifa ya chama kwa shilingi. Mhasibu wetu anasema haiwezekani, lakini kijana wetu mmoja aliyesomea biashara anasema ipo kanuni ya kuikokotoa. Nimsikilize nani?
Meneja, Mbale

JIBU: Ndugu Meneja, kwa upande wa vitabu mhasibu wenu amesema kweli. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 38, hakiruhusu ujuzi wa wafanyakazi uingizwe kwenye mizania kama mali, kwa sababu kwa kawaida taasisi haina mamlaka ya kutosha juu ya manufaa yanayotokana na ujuzi huo. Mwenye nao anaweza kuaga wakati wowote, kama mlivyoaga ninyi na mzee wenu. Jina jema mlilojijengea wenyewe nalo haliingizwi. Lakini kutoingia kwenye mizania si sawa na kutopimika, na hapo ndipo ninapoachana naye.

Kanuni anayoitaja kijana bila shaka ni ile ya mchumi Ante Pulic, ambayo sehemu yake ya kwanza hugawanya thamani iliyoongezwa (mauzo ukiondoa gharama za vitu na huduma mlizonunua nje, lakini bila kuondoa mishahara) kwa gharama ya wafanyakazi. Tuijaribu kwa tarakimu za mfano. Tuseme thamani iliyoongezwa ni shilingi milioni 480 na mishahara ni milioni 240, kwa hiyo jibu ni 2. Mwonjaji anayelipwa milioni 12 akiondoka asipate mrithi, na mauzo ya mwaka huo yakabaki yalivyo, mishahara itakuwa milioni 228, faida itapanda kwa milioni 12, thamani iliyoongezwa itabaki 480, na jibu litakuwa takribani 2.1. Yaani kanuni itawapongeza kwa kumpoteza mtu ambaye pengo lake ndilo lililokufanya uniandikie. Nakusihi usiipeleke tarakimu hiyo peke yake mbele ya wakulima.

Njia inayofaa zaidi ilianzia Uswidi, katika kampuni ya bima ya Skandia, ambayo mwaka 1991 ilimteua Leif Edvinsson kuwa mkurugenzi wa mtaji wa maarifa, kisha ikaambatanisha taarifa ya mtaji huo na ripoti yake ya mwaka 1994. Hawakutafuta bei moja ya maarifa yote, bali walifuatilia vipimo kadhaa mwaka hadi mwaka. Tangu wakati huo wataalamu wengi hutenganisha aina tatu. Mtaji wa watu, yaani ujuzi ambao jioni hurudi nyumbani pamoja na wenyewe. Mtaji wa muundo, yaani kumbukumbu na taratibu zinazobaki ofisini mlango ukishafungwa. Na mtaji wa uhusiano, ambao ni imani ya wateja na wakulima. Huo wa tatu kwenu ni rahisi kuupima: hesabuni ni sehemu gani ya mauzo inatoka kwa wanunuzi waliorudi, na ni wanachama wangapi wanaoleta mavuno yao kwenu badala ya kumuuzia mchuuzi anayepita na fedha mkononi.

Shida yenu iko kati ya ule wa kwanza na wa pili. Mzee alipovunja kwa kijiko utando wa kahawa ulioelea kikombeni, dakika nne baada ya kumimina maji ya moto, akainama, akanusa, kisha akasema "hii imelala sana majini," alikuwa anamwambia mtu wa kituo cha kuoshea kwamba ule usiku kahawa ilichachuka kupita kiasi. Je, kuna aliyeandika ni kituo kipi, tarehe gani, na saa ngapi kahawa ilikaa tangini? Kama hakuna, basi kwa miaka 19 chama kilinufaika na pua ya mzee bila kujiwekea chochote, na naliona hilo kuwa hasara kubwa kuliko zile sampuli mbili.

Kwa hiyo mrudisheni kwa mkataba wa msimu mmoja, mumlipe vizuri, naye aonje pamoja na vijana wawili. Vikombe viwekwe namba tu, bila jina la kituo, na kila mmoja aandike alama anazokipa kila kikombe kati ya 100 kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Kisha linganisheni. Kijana akitofautiana na mzee kwa alama tano mwanzoni mwa msimu na kwa alama moja mwishoni, hicho ni kipimo halisi cha mtaji wa watu unaokua. Na daftari linalounganisha alama za kila kikombe na saa za kuchachusha ni mtaji wa muundo, ambao hautastaafu. Kwa kahawa yenu tofauti hizo si ndogo, kwa kuwa mpaka wa kuitwa kahawa bora maalumu ni alama 80, na bei hubadilika hapo.

Halmashauri ikishikilia kupata shilingi, wapeni zile zinazoshikika: kiasi ambacho bei ya shehena ilipungua kwa sababu ya sampuli kukataliwa, ukiongeza gharama ya kumfundisha mwonjaji mpya. Tarakimu hizo mhasibu wenu anaweza kuzitia sahihi, na zinaweza kusomwa mkutanoni pamoja na jedwali la vile vipimo, likiwa ni kiambatisho nje ya mizania. Mkataba wa mzee usainiwe kabla matunda hayajaanza kuiva.