Karamu ya Vyakula vya Asia kwa Jiko la Meko Mawili

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Nimewaalika rafiki zangu wanane kwa chakula cha usiku, nami nimewaahidi vyakula vya Asia. Nimepanga sushi ya Japani, tambi za kukaanga za Kichina, mchuzi wa kijani wa Thailand na biriani. Jiko langu ni la gesi, lenye meko mawili. Je, nitaweza? Na ni lazima ninunue vijiti vya kulia?
Mwenyeji mwenye wasiwasi, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Biriani iondoe kwanza, kwani ingawa asili yake ni Asia, mgeni wa Mombasa huila kila harusi na ataipima kwa ile ya mama yake. Sushi nayo iache: samaki wa kuliwa mbichi hutakiwa agandishwe kwa nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7 ili vimelea vife, ilhali friza nyingi za nyumbani huishia nyuzi 18, na nguru aliyenunuliwa asubuhi, hata macho yake yakiwa maangavu namna gani, hajapitia hatua hiyo. Tambi za kukaanga nazo zahitaji karai lenye moto mkali. Ukitia za watu tisa kwa mara moja, karai hupoa, mboga hutoa maji, na utakachopakua ni tambi za kuchemsha.

Imebaki Thailand, ambayo ningekuchagulia tangu mwanzo, kwa sababu viungo vyake vingi utavipata Marikiti: nazi, ndimu, tangawizi, kotmiri, kitunguu thomu, pilipili mbichi za kijani, na mchaichai ambao wengi wetu tumezoea kuutia katika chai tu. Vitwange pamoja na giligilani na bizari nyembamba kidogo mpaka viwe rojo laini. Mchaichai utumie sehemu nyeupe ya chini, na ndimu ikune ganda la juu tu, maana weupe wake ni mchungu.

Penye tofauti kubwa ni kwenye tui. Mpishi wa Pwani hutia tui zito mwishoni, akalikoroga bila kuacha lisije likakatika. Mthai huanza nalo, akalichemsha hadi mafuta yajitenge, akakaangia rojo katika mafuta hayo, ndipo akatia kuku na tui jepesi. Ukiliona limekatika, basi usishtuke, endelea. Tui la pakiti mara nyingi hutiwa vitu vya kulishikanisha na hukataa kujitenga, kwa hiyo ni afadhali ukune nazi mwenyewe. Kuku wa kilo mbili na nazi nne zitawatosha. Upike alasiri, kwa kuwa mchuzi huu haupotezi ladha ukipashwa moto usiku, na wageni wafikapo uwe na wali tu jikoni: kilo moja na robo, mweupe, usiotiwa nazi, kwa maana mchuzi wenyewe umeshiba tui. Kando weka saladi ya embe bichi lililokatwa nyuzinyuzi, lenye ndimu, sukari, pilipili na karanga zilizopondwa, lakini uwaulize wageni mapema kama yupo anayedhuriwa na karanga.

Vijiti usinunue. Wathai hula wali kwa kijiko na uma, na vijiti huvitumia zaidi kwa tambi. Vyakula vyote huwekwa katikati kwa pamoja, kila mtu akajichotea, na hilo aliyezoea sinia hahitaji kufundishwa.

SWALI: Mapishi mengi ya Kichina na ya Kijapani hutaja mvinyo wa mchele. Sisi nyumbani hatutumii pombe. Tufanyeje?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Penye mvinyo wa Kichina, tia supu ya kuku na tangawizi. Penye mirin ya Kijapani, ambayo kazi yake ni utamu na mng'aro, yeyusha sukari katika siki kidogo na maji. Soya sosi isomeni kibandiko kabla ya kuinunua: iliyochachushwa kwa njia ya asili huwa na pombe kidogo itokanayo na uchachu wenyewe, na nyingine huongezwa pombe ili isiharibike. Sosi ya samaki ya Thailand hutengenezwa kwa samaki wadogo na chumvi. Itie mwishoni, kijiko kimoja kimoja huku ukionja, na chumvi nyingine usiongeze.