Sio jani baya, ni maji yako: nawajibu wapenzi wa chai

Haya kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ughonile kwa wa Rungwe, na nyie wengine salama tu. Maswali yamejaa na baridi hii ya mwezi wa sita kila mtu kakumbuka chai, kwahiyo leo najibu ya chai ya majani tupu, yaani ile unayoliona jani lenyewe, sio ya kwenye vifuko. Mi sio profesa, niliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai huko Mufindi miaka kadhaa, chumba cha kuonjea, na sa hivi nakaa Mbeya nakunywa tu.

*Mama mmoja wa Forest Mpya anauliza: binti yangu kasoma China, kaniletea chai ya kijani kwenye kopo zuri, lakini ni chungu kama mwarobaini. Kauziwa feki?*

Mama shikamoo. Hajauziwa feki. Naomba nikisie: umeweka sufuria jikoni, maji yakatokota, ukatia majani, ukaacha yachemke mpaka yakakolea kama tunavyofanya siku zote. Ni hivyo eti? Hapo ndo umeichoma. Chai ya kijani haitaki maji yanayochemka, inataka nyuzi 70 mpaka 80 hivi na dakika 2 zinatosha kabisa, ukizidisha moto au muda ule uchungu na ukakasi unatoka wote kwa mkupuo na utamu wake unafunikwa.

Kipimajoto huna, najua, hata mi sina. Fanya hivi, chemsha maji, yamimine kwenye jagi la udongo lililopoa, halafu toka kwenye jagi mimina kwenye chombo kingine. Kila ukimimina kwenye chombo cha baridi maji yanashuka kama nyuzi 10. Na sisi wa huku juu tumeshapewa punguzo, maana Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Dar. Kwahiyo ukihamisha mara mbili tu umefika. Weka majani kijiko kimoja cha chai kilichojaa kwa kikombe, subiri dakika 2, chuja YOTE, usiache majani yaogelee humo. Halafu hayo majani usiyamwage, ongeza maji tena, cha pili mara nyingi ndo kitamu zaidi. Mpigie binti yako umwambie asante maana nahisi ulishamsema.

*Kijana wa Makambako: bro hivi chai nyeusi, ya kijani na nyeupe ni miti tofauti?*

Mti mmoja. Camellia sinensis, huo huo unaouona ukipita Mufindi au Lupembe. Tofauti ni kinachofanyika baada ya kuchuma. Nyeusi jani linavunjwavunjwa halafu linaachwa lipigwe na hewa mpaka ligeuke rangi (kiwandani wanasema kuchachusha ingawa hamna chachu yoyote pale), ya kijani inapigwa moto mapema isigeuke, nyeupe ni chipukizi changa inayonyaushwa na kukaushwa bila fujo, na kuna ulongi ya Wachina iko katikati, imegeuka nusu. Mchaichai na rozela sio chai, ni vinywaji vizuri tu vimeazima jina.

*Dada wa Kihesa, Iringa: nataka nijue kuonja chai kama wale wataalamu, naanzaje? Mi nikinywa naona zote ni chai tu.*

Hili swali nimelipenda maana hata mi nilikuwa hivyo hivyo. Siku yangu ya kwanza chumba cha kuonjea nimeamka nimejipaka losheni ya nguvu na pafyumu juu, najua naenda ofisini, mzee aliyekuwa anaonja akanusa tu mlangoni akasema mwanangu rudi kaoge ndo uje. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alikuwa sahihi, ulimi unajua mambo machache sana, chungu, tamu, chumvi, chachu na ule utamu wa mchuzi wa nyama, hayo mengine yote ya maua sijui asali sijui majani mabichi ni pua inafanya kazi, na pua yangu siku ile ilikuwa na losheni.

Wenye kazi yao wana kipimo cha kimataifa, gramu 2 za chai kwa mililita 100 za maji, dakika 6, na zote zinafanyiwa sawasawa. Sio kwamba ndo chai tamu, hapana, dakika 6 inakuwa kali mno, lengo lake ni kasoro zijitokeze. Nyumbani usijitese, we chukua dakika 3 au 4 kwa nyeusi. Ila kitu kimoja usikivunje, ONJA MBILI AU TATU KWA PAMOJA. Ukionja moja peke yake utasema ni chai tu kama unavyosema, ukiziweka tatu kwenye vikombe vyeupe vinavyofanana, chai ya dukani, ya majani kutoka Rungwe na nyingine yoyote uliyopata, hata mtoto wa darasa la pili atakwambia hii na hii haziko sawa.

Angalia rangi kwanza. Chai nyeusi nzuri inang'aa, ina wekundu wa shaba, na pembeni pale inapogusana na kikombe unaona kama duara la dhahabu. Ikiwa kahawia ya matope kuna shida, ya kiwanda au ya kukaa sana stoo. Halafu nusa yale majani yaliyolowa, sio kikombe, majani, hapo ndo siri zote zipo. Halafu chota na kijiko uvute kwa kelele, fuuup, kama mzee anayekunywa uji wa moto, hewa ipande na chai mpaka puani. Mama mkwe akiwepo subiri aondoke. Mwishoni sikilizia ule ukakasi, kama umekula ndizi ambayo haijaiva. Kukakasa kidogo halafu kukaondoka na mate yakaja, hiyo chai ina uhai. Kukaganda ulimini kama umelamba ukuta, imekaa kwenye maji muda mrefu au jani lilikuwa gumu la zamani.

Na sukari, funda la kwanza tu bila sukari. Moja. Baada ya hapo weka hata vijiko vinne ni chai yako.

*Baba mmoja wa Tukuyu: mimi nina shamba la chai miaka yote, nauza majani mabichi kiwandani, halafu nikienda dukani nanunua pakiti ya vumbi. Hiyo chai ya majani mazima inaendaga wapi?*

Mzee wangu umenigusa pabaya. Wajerumani walijaribu huu mti pale Kyimbila mwanzoni mwa miaka ya 1900, zaidi ya miaka mia sasa Rungwe inalima chai na bado wengi wetu jani zima hatujawahi kuliona kwenye kikombe.

Sababu kubwa ni mashine. Viwanda vyetu vingi vinatumia mtindo wa CTC, rola mbili za chuma zenye meno zinazunguka kwa spidi tofauti na zinalikata, zinalichana na kulikunja jani mpaka linakuwa punje punje. Ulianzia Assam, India, mwaka 1930, na dunia iliupenda kwasababu punje zinatoa rangi haraka, zinaingia vizuri kwenye vifuko na zinavumilia maziwa. Halafu zinachekechwa zinapewa gredi, zile punje kubwa kubwa zinaitwa BP1, PF1 ndogo yake, mpaka unafika dasti ambayo ndo vumbi lenyewe. Sehemu kubwa imekuwa ikienda mnadani Mombasa na kuanzia 2023 tuna mnada wetu Dar, na kule inanunuliwa inaenda kuchanganywa na chai za nchi nyingine, kwahiyo jani lako mzee linaweza kuwa limenywewa Uingereza wakati we unanunua pakiti. Jani zima ni mtindo wa othodoksi, linakunjwa bila kusagwa, na wanaotengeneza huku ni wachache, Luponde kule Njombe ni mfano, na nyingi inauzwa nje ya nchi.

Lakini we mzee una kitu ambacho sisi wa mjini hatuna, una mti. Tengeneza ya kwako! Sio ya kuuza, ya kunywa nyumbani. Chuma asubuhi umande ukikauka, majani mawili na chipukizi tu, laini, kwenye shamba ambalo hujapulizia dawa karibuni. Kilo moja mbichi inatosha kuanzia, itakupa kama robo kilo pungufu kidogo ikikauka. Tandaza kwenye ungo, ndani kivulini, laza mpaka kesho yake. Utajua limenyauka ukikunja kikonyo kikakunjika bila kukatika pwaa. Hapo chukua konzi, viringisha kwa viganja kama unavyokanda unga wa chapati, sukuma na kuzungusha, nusu saa hivi, mpaka majimaji yatoke na mikono inate. Tandaza tena, funika kitambaa chenye unyevu, masaa mawili matatu, na uwe unaenda kunusa. Mwanzoni inanuka nyasi zilizofyekwa. Halafu kuna muda, sijui niseme vipi, harufu inageuka ghafla inakuwa kama tunda limeiva na jani limekuwa rangi ya senti za zamani. Hapo hapo usisubiri, peleka kwenye kikaango kisafi, moto mdogo, unageuza geuza mpaka jani livunjike ukilibana.

Nimesema kikaango KISAFI. Mara yangu ya kwanza nilitumia sufuria iliyokaangiwa vitunguu jana yake, nimeosha vizuri kabisa na sabuni, nikajisifia wee nikaita na majirani. Tulikunywa mchuzi. Jirani mmoja mpaka leo ananiuliza lini utatukaribisha chai ya nyama.

*Kaka wa Mafinga: nimepewa zawadi ya chai ya China inanuka moshi balaa, kama nguo za mtu aliyelala jikoni. Imeharibika?*

Haijaharibika, imefanywa makusudi. Itakuwa Lapsang Souchong, asili yake milima ya Wuyi mkoa wa Fujian, wanaikausha kwa moshi wa kuni za paini. We unakaa Mafinga, msitu wa Sao Hill upo hapo nje, paini kila kona, hiyo harufu ungetakiwa uwe umeizoea kuliko sisi wote. Kuna watu wanalipa hela nyingi kwa hiyo unayoiona mbovu. Jaribu na nyama choma au viazi vya kuchoma, ukiona haikufai kabisa nitafute.

*Maziwa ni dhambi?* (huyu hakusema yuko wapi)

Hapana jamani. Chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki asubuhi ya Uyole ukungu umeshuka mpaka barabarani, na chapati mbili, hakuna wa kunitenganisha nayo. Ile punje ya CTC imezaliwa kwa ajili ya maziwa na ndo ya kuipika. Ila ukiweka maziwa kwenye chai nyeupe utakuwa unakunywa maziwa ya vuguvugu basi.

*Dada wa Mwanjelwa: nimeambiwa nina upungufu wa damu, niache chai?*

Kwanza fuata alichokwambia daktari wako, mi sio daktari. Ninachojua ni kwamba chai ikinywewa pamoja na chakula inapunguza mwili kunyonya madini ya chuma, hasa ya kwenye mboga za majani na maharage. Kwahiyo kama hujakatazwa iache ipishane na chakula, kama saa moja hivi. Wali maharage na chai juu yake ndo tabia ya kuacha.

*Mwalimu wa Njombe: natunzaje? Yangu ilikuwa nzuri mwezi wa kwanza, sa hivi ni majani makavu tu.*

Mwalimu, ipo kwenye nini? Kama ni kile kichupa cha kioo juu ya kabati dirishani nimeshajua. Chai ina maadui wanne: mwanga, hewa, unyevu na harufu za wenzake, na inavuta harufu kama sponji ndo maana ile ya dukani iliyokaa kati ya sabuni na dagaa inakuwa na ladha ya vyote viwili. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana, kabatini mbali na jiko na viungo, na ununue kidogo kidogo. Nyeusi inavumilia mwaka na zaidi, ya kijani jitahidi uimalize ndani ya miezi sita.

Na Njombe mko juu zaidi yetu, maji yenu yanachemka kama kwenye nyuzi 93, kwahiyo chai nyeusi msiisubirishe. Suuza birika na maji ya moto kwanza, mwaga, weka majani, mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika na mfuniko na juu yake tupia kitenge. Dakika 4. Mi naweka 5 kama kuna mvua.