Barua kwa mwanangu: ulipocheka mbele ya mtahiniwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Lubumbashi imenifikia jana hapa Bukavu, nikamsomea na baba yako. Unasema ulisimamia mtihani wa vituo wa madaktari wachanga, ule ambao kengele ikilia mtahiniwa anahamia kituo kingine na kupewa kazi nyingine. Kijana mmoja akamwambia mgonjwa wa kuigiza, "Vuta pumzi, mama," akampitishia stetoskopu mgongo mzima, akatangaza mapafu ni safi. Kumbe masikio ya stetoskopu bado yananing'inia shingoni kwake! Ukaangua kicheko. Sasa unaniuliza: nilimkosea? Na alama nimpe ngapi?

Kucheka hukukosea, mwanangu. Hata yule mama mgonjwa umesema alijifunika uso kwa kitenge. Kinachonisumbua ni karatasi yako ya alama. Ina mstari "amesikiliza mapafu", nawe ukaweka vema. Ifute. Mkono ulifika mgongoni, masikio hayakufika. Ronald Harden na wenzake walipoueleza mtihani huu mwaka 1975 kule Dundee, Uskoti, walitaka watahiniwa wote wapimwe kwa kipimo kimoja, wasitegemee hasira wala huruma ya profesa mmoja. Ni jambo jema sana, ila karatasi haioni. Wewe ndiye unayeona.

Mimi katika wodi ya watoto niliwatazama madaktari wakihesabu pumzi za watoto. Unajua mwenyewe: mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, akifikisha pumzi 50 kwa dakika, unafikiria nimonia. Wengi walihesabu sekunde 15 wakazidisha mara nne, mtoto analia. Usiku mmoja dokta mgeni, hata jina hatujalishika, alikaa kwenye kigoda akangoja mtoto amalize kunyonya, atulie. Akamwomba mama apandishe kishati. Akavua saa, akaiweka kitandani, akahesabu dakika nzima. Pumzi 58. Akarudia: 56. Hakujua kwamba nimesimama nyuma yake na trei ya dawa. Toka siku ile, zamu yake nililala bila wasiwasi.

Kijana wako, mstari ule ni sifuri. Lakini mwite, wenzake wasiwepo. Huenda ni woga tu, ile kengele inatisha. Mpeleke kwa mgonjwa wa kweli, mpe stetoskopu yako, akueleze anasikia nini kulia na nini kushoto. Usimharakishe.

Baba yako anakusalimu. Tangu asubuhi anawasimulia majirani, na kila akifika pale shingoni anashindwa kuendelea.

Mama yako