Anaongea ili mikono isipate nafasi

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenichokoza: “Ni mwongozaji gani wa filamu aliyekuweka kitini mpaka mwisho bila ngumi wala risasi?” Wangu ni Éric Rohmer, Mfaransa, na najua wapo watakaoguna. Katika filamu zake watu hukaa mezani, hutembea ufukweni, huegemea mito kitandani, na muda wote huo wanaongea. Kwenye filamu moja ya Kimarekani ya 1975, *Night Moves*, mpelelezi anayeigizwa na Gene Hackman anasema aliwahi kuona filamu ya Rohmer, akaiona kama kutazama rangi ikikauka. Sisi tunaompenda huisimulia kejeli hiyo wenyewe, kabla hatujasimuliwa.

Nilimfahamu kwa sababu ya kazi. Nafundisha Kifaransa hapa Mombasa, na nilikuwa natafuta filamu ambazo wahusika hawamezi silabi. Kumbe naye aliwahi kuwa mwalimu, tena wa fasihi. Jina lake halisi ni Maurice Schérer, alizaliwa 1920 akafariki Paris Januari 2010, na inasemekana mama yake aliondoka duniani akiamini kwamba mwanawe ni mwalimu tu, hajui kuwa ndiye yule Rohmer anayeandikwa magazetini. Mtu aliyeweza kumficha mama yake jambo kubwa namna hiyo, si ajabu akatumia maisha yake kutengeneza filamu za watu wanaoficha jambo huku wakizungumza.

Maana hicho ndicho kichekesho chake. Maneno ni mazuri, hoja zimepangika, na mdomo unapoendelea kueleza, macho na mikono vinasema mengine kabisa.

Tazameni *Ma nuit chez Maud* ya 1969. Ni siku za Krismasi, mjini Clermont-Ferrand. Mhandisi Mkatoliki, anayeigizwa na Jean-Louis Trintignant, amemwona msichana kanisani na, hata salamu hajampa, ameshaamua kwamba huyo ndiye mkewe. Rafiki yake, mwalimu wa falsafa mfuasi wa Marx, anamchukua usiku kwenda kwa Maud, daktari aliyeachana na mumewe. Wanakula, wanakunywa, wanamjadili Pascal, mwanahisabati aliyezaliwa mji huohuo, na hoja yake kwamba kumwamini Mungu ni kama kuweka dau: ukipata umepata vyote, ukikosa hujapoteza kitu. Rafiki anaaga. Theluji imeharibu barabara, mhandisi inabidi alale palepale. Maud yuko kitandani, mgeni amejiviringisha blanketi, na bado anaeleza misimamo yake.

Nilimwonyesha shangazi yangu filamu hiyo, namtafsiria sentensi baada ya sentensi mpaka koo likanikauka. Alivumilia, kisha akasema, “Huyu baba anaongea ili mikono isipate nafasi.” Nimesoma kurasa nyingi juu ya filamu ile na sijakuta aliyeieleza vizuri hivyo. Mwishoni, miaka mitano baadaye, yule bwana aliyehubiri ukweli usiku kucha anamwambia mkewe uongo mmoja mfupi, na uongo huo ndio jambo la huruma kuliko yote aliyoyasema. Sitautaja. Shangazi alinyamaza pale, na yeye si mtu wa kunyamaza.

(Wale watafsiri wa vibanda vya video, wanaojaza kila ukimya kwa maneno yao, hapa wangekosa pa kuingilia. Muziki wenyewe ni adimu.)

Kati ya 1981 na 1987 alitoa filamu sita chini ya jina *Comédies et proverbes*, yaani vichekesho na methali, na kila moja hufunguliwa kwa methali au mstari wa mshairi. Kwetu huu ni mlango wazi. *Les Nuits de la pleine lune* ya 1984 inaanza hivi: mwenye wake wawili hupoteza roho, mwenye nyumba mbili hupoteza akili. Sisi tungesema njia mbili zilimshinda fisi. Louise anaishi na mpenzi wake nje ya Paris, Marne-la-Vallée, lakini anabakiza chumba chake mjini ili asikose uhuru, na anatumia filamu nzima kumthibitishia kila mtu kwamba methali ile haimhusu. Anajieleza vizuri mno hata mimi nilikubali. Pascale Ogier, aliyemwigiza Louise, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huohuo, na Oktoba akafariki, imebaki siku moja atimize miaka 26. Ukilijua hilo, zile sherehe anazocheza dansi zinatazamika kwa shida.

Cha kuchekesha zaidi ni *Le Beau mariage* ya 1982. Sabine anaachana na mume wa mtu na kutangaza kwamba anaolewa. Na nani? Bado hajajua. Akishamchagua wakili wa watu, anamfukuzia kwa simu mpaka unataka kuingia ndani ya skrini umpokonye mkonga.

Kasoro zipo. Wahusika wake wana likizo ndefu kuliko sisi walimu, na ni nadra kumsikia anayelalamikia kodi ya nyumba. *Conte de printemps* ya 1990, yenye mkufu uliopotea, ilinichosha na sitaitetea.

Lakini ile ninayoirudia ni *Le Rayon vert*, yaani mwale wa kijani, iliyopata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo la Venice, mwaka 1986. Ilipigwa na watu wachache kwa filamu ya milimita 16, na maneno mengi waigizaji waliyatunga papo hapo. Delphine, karani wa Paris anayeigizwa na Marie Rivière, ameangushwa na rafiki aliyekuwa asafiri naye, basi anazunguka na likizo yake kama mtu aliyebeba godoro asijue pa kulilaza. Huko Cherbourg yuko mezani na wenyeji wakarimu, anawaeleza kwa nini hali nyama. Hakuna anayemtukana. Wanamuuliza tu, kwa upole, swali baada ya swali, naye anazidi kuzama. Aliyewahi kuulizwa mezani kwa nini hajaolewa ataijua meza ile.

Baadaye, Biarritz, anawasikia wazee wakizungumzia kitabu cha Jules Verne: jua linapozama baharini, mwale wake wa mwisho huweza kuwa kijani, na anayeuona husoma moyo wake na wa mwenzake. Sisi wa Mombasa bahari yetu iko mashariki, jua linatuzamia bara. Shangazi lakini alikulia Unguja, na anaapa kwamba ujana wake wote alilitazama likizama baharini kutoka Forodhani, hakuona kijani hata siku moja.

Katika tukio la mwisho, Saint-Jean-de-Luz, Delphine amekaa na kijana aliyekutana naye stesheni. Kwa mara ya kwanza hawaongei, wanalitazama jua. Shangazi akaniamuru nirudishe nyuma. Nikarudisha mara tatu. Yeye anasema ameuona. Mimi, kwa televisheni yangu ile, sina hakika.