Umeme ukikatika, laptopu yako inalala usingizi gani?

Kadi za mchango wa harusi zilikuwa 140, kila moja na jina la mwalikwa wake. Nilimaliza kuingiza majina Jumamosi saa mbili usiku. Umeme haukuwepo tangu alasiri na betri ilibaki kama robo. Nikafunga laptopu, nikafunga steshenari, nikaenda zangu nyumbani nikijua Jumatatu nafungua na kuendelea palepale. Jumatatu nabonyeza kitufe, kimya. Nikachomeka chaji, ikawaka upya kama vile haijawahi kuniona: hakuna programu iliyofunguka, hakuna jina hata moja. Mwenyekiti wa kamati alishafika, amekaa kwenye benchi nje.

Najua, nilitakiwa kuhifadhi. Mke wangu ameshaniambia, na mwenyekiti pia aliniambia, kwa maneno mengine.

Lakini kilichonikera ni kwamba laptopu hiyohiyo zamani ilikuwa inakaa siku nne kwenye begi na kazi naikuta. Nini kilibadilika? Ilinichukua jioni nzima kukumbuka. Miezi kadhaa nyuma fundi alinisafishia diski ya GB 128 iliyokuwa imejaa. Alifungua lile dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja, tukapata zaidi ya GB 3 papo hapo. Nikamnunulia soda. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

`powercfg /h off`

Windows ina usingizi wa aina mbili kuu, na wengi tunauona mmoja. Kuna kusinzia (Sleep): skrini inazima, feni inanyamaza, lakini kazi yako imebaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM inakula umeme kidogokidogo usiku kucha. Betri ikiisha, kazi imekwenda. Halafu kuna kulala fofofo (Hibernate), ambako kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski, ndani ya faili linaloitwa hiberfil.sys, kisha mashine inazima kabisa. Hapo hata ukichomoa betri, ukirudi unakuta kila kitu. Faili hilo kwa kawaida linachukua asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mwenye GB 8 anapoteza GB 3 na ushee za diski. Mstari ule wa fundi unauzima usingizi huu na kulifuta faili lake: yeye aliona takataka akafagia. Simlaumu sana, maana mimi ndiye niliyelalamika diski imejaa.

Kama hujui yako ikoje, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bofya kulia uchague Run as administrator, kisha andika:

`powercfg /a`

Itakuorodheshea aina za usingizi mashine yako inazoweza na isizoweza, pamoja na sababu. Mimi niliambiwa *Hibernation has not been enabled*, basi nikajua nimemkamata mwizi. Kuurudisha usingizi ni `powercfg /h on`, na hakikisha diski ina nafasi kwanza.

Mtu ataniuliza kwa nini nisiende kwenye Settings nikabofya. Nilijaribu. Kila toleo la Windows limehamisha vitufe hivyo chumba kingine, na huo usingizi wa fofofo mara nyingi hauonekani kabisa kwenye menyu ya kuzima. Isitoshe nina mashine nne. Mistari yangu nimeiweka kwenye faili moja la .bat, yaani faili la amri zinazojiendesha zote kwa mpigo, ndani ya flashi, naibeba kama funguo za duka.

Ndani yake, cha kwanza ni muda wa kusubiri ukiwa kwenye betri:

`powercfg /change monitor-timeout-dc 3`
`powercfg /change standby-timeout-dc 10`
`powercfg /change hibernate-timeout-dc 30`

Herufi dc maana yake betri, ac ni umeme wa ukutani. Namba ni dakika, na ukiweka 0 umesema kamwe. Kwa ac mimi naacha skrini tu izime, mashine isilale, kwa sababu mteja akija na flashi hataki kunisubiri nipige miayo pamoja na kompyuta.

Cha pili ndicho kingeniokoa Jumamosi ile, yaani laptopu ifanye nini ukifunga kifuniko:

`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BUTTONS LIDACTION 2`

Namba 0 ni usifanye kitu, 1 sinzia, 2 lala fofofo, 3 zima. Hapa nilipoteza nusu saa. Niliandika, nikafunga kifuniko, ikasinzia vilevile. Nikaandika tena, vilevile. Kumbe amri za namna hii zinaandika tu kwenye daftari. Hazianzi kazi mpaka uuamshe upya mpango wa umeme unaotumika, ndio huo SCHEME_CURRENT:

`powercfg /setactive SCHEME_CURRENT`

Mstari huo weka mwisho wa faili lako, usiusahau. Na kuna mtego mwingine hapohapo. Ukitumia /change muda ni dakika, ukitumia /setdcvalueindex muda ni sekunde. Niliwahi kuweka 10 nikidhani ni dakika, skrini ikawa inazima huku ninasoma sentensi.

Kwa wenzangu wenye betri za kizee, ambao ndio wengi wetu, hili lina thamani kuliko yote. Windows husubiri betri ifike kiwango cha hatari, kwangu kilikuwa asilimia 5, ndipo ichukue hatua. Betri iliyochoka haifiki huko. Inakuonyesha 9, unapepesa macho, giza. Kwa hiyo nimeipandisha:

`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATLEVELLOW 25`
`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATLEVELCRIT 15`
`powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BATTERY BATACTIONCRIT 2`

Ikifika 25 inanionya, ikifika 15 inajilaza fofofo yenyewe hata kama niko uani nanawa mikono.

Kuhusu mipango ya umeme yenyewe, utakutana na SCHEME_MIN na SCHEME_MAX. Majina haya yamewachanganya watu wengi, nikiwemo mimi. SCHEME_MAX si nguvu nyingi, ni kubana matumizi kwa kiwango cha juu. Anayetaka mashine ikimbie ndiye anaandika SCHEME_MIN. Kwenye laptopu nyingi za karibuni unaweza ukaukuta wa Balanced peke yake. Si kosa lako. Na ukivuruga kila kitu, `powercfg /restoredefaultschemes` inarudisha mipango ya asili, ila inafuta na ile uliyojitengenezea.

Kama mashine haitaki kulala kabisa, `powercfg /requests` inamtaja anayeishikilia. Kwangu alikuwa kichezeshi cha muziki. Ikiwa inaamka usiku peke yake, `powercfg /lastwake` inasema nani aliiamsha. Usiite mganga kabla ya kujaribu hiyo.

Amri ninayoipenda kuliko zote haibadilishi kitu chochote:

`powercfg /batteryreport /output C:\Users\Public\betri.html`

Inatengeneza ukurasa unaufungua kwenye kivinjari. Hiyo sehemu ya /output iandike, la sivyo ukiwa umefungua dirisha kama msimamizi ripoti inaangukia ndani ya System32 na utaitafuta mpaka jioni. Shuka hadi sehemu ya betri, soma mistari miwili: DESIGN CAPACITY, uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao leo. Yangu ya kadi za harusi ilisoma 47,520 ikabaki 18,900. Gawanya mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda kununua laptopu ya mtumba. Muuzaji akaniapia betri inakaa saa tano. Nikamwomba aiwashe, nikaandika mstari huo, nikamgeuzia skrini. Akasoma kimyakimya, akainua ya pili kutoka rafu ya nyuma. Nikaandika tena. Ya tatu ilikuwa na asilimia 81, hiyo nikaichukua, na bei ilikuwa imeshashuka mara mbili bila mimi kufungua mdomo. Kisha akaniomba nimwandikie ile amri kwenye karatasi.