Nakula dawa ya tezi dume ya mzee ili nywele ziote, kuna shida?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina miaka 31, nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Baba kaandikiwa finasteraidi ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume, jamaa yangu akaniambia ndo hiyohiyo inayootesha nywele na mimi kipara kishafika utosini. Basi mke wangu, ana mimba ya miezi miwili, anakata kidonge cha mzee kwa kisu cha jikoni, robo nameza mimi, ungaunga unaobaki anaufuta kwa kidole. Kuna ubaya? Na dawa ya mkojo inaoteshaje nywele?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza kabisa shemeji asishike tena hicho kidonge kikiwa kimekatwa, kuanzia leo. Anawe mikono vizuri, asipaniki, ila aende kliniki akaeleze kila kitu bila kuficha.

Jamaa yako hajakudanganya, kakupa nusu ya habari tu. Kwenye kromosomu namba 2 kuna jeni inaitwa SRD5A2, hiyo ndo inatoa maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni, ile homoni ya kiume, kuwa DHT, homoni yenye nguvu zaidi, na hiyo DHT ndo inakuza tezi dume uzeeni na kwa wenye asili ya kipara inasinyaza mashina ya nywele, sasa finasteraidi inakizuia hicho kimeng'enya, ndo maana inasaidia kotekote. Lakini mtoto wa kiume tumboni anaihitaji hiyo DHT ili maumbile yake ya nje yakamilike, na mwezi wa pili na wa tatu ndo wakati wenyewe! Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza habari za watoto wa Salinas, Jamhuri ya Dominika, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki, wakalelewa kama wasichana, walipobalehe sauti zikawa nzito na miili ikawa ya kiume. Ukubwani tezi dume zao zilibaki ndogo na kipara hawakuota, wazo la dawa hii likaanzia hapo.

Na mzee unampunja, dozi yake ni 5 nzima kila siku. Ya nywele ni miligramu 1, unasubiri miezi kadhaa, ukiacha zinadondoka tena, na wengine inawapunguzia hamu ya tendo. Achana na robo hizo, nenda Bugando au kituo chochote ukaandikiwe ya kwako. Halafu mzee akipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, lazima aseme anatumia finasteraidi, maana inashusha kipimo karibu nusu na saratani inaweza kupita bila kuonekana.